Mama Alisikia Baridi Wakati wa Kaskazi

Baridi ya Maskati si baridi. Nalisema hili mapema ili mtu wa Ulaya akisoma asinicheke. Ni zile siku ambazo unazima kiyoyozi, unafungua dirisha, na jirani wa nyumba ya pili unamsikia akipiga chafya. Mchana jua lipo na watu wanalitafuta badala ya kulikimbia. Jioni ikiingia, unavaa soksi. Basi. Hiyo ndiyo baridi yenyewe, nasi tuliotoka Unguja tunaisemea kama tumefika ncha ya dunia.

Ikishaingia, watu hawana habari nyingine. Ukimpigia mtu simu, kabla hajakuuliza watoto, anakuuliza kwako baridi imefika vipi. Anayekaa karibu na mlima anajisifu kuwa kwake kali zaidi. Anayekaa karibu na bahari anasema upepo wake ndio unaoingia mifupani. Watakwambia wamekunywa nini, wamejifunika nini, na nani kaota vipele kwa kuoga maji ya baridi. Zamani nilikuwa napenda maneno haya. Siku hizi mtu akinianza na baridi, naona hasira zinapanda mpaka masikioni, na nikimjibu vibaya husema kuwa mimi tangu kufiwa sikaliki.

Sawa. Sikaliki.

Mimi ni kitindamimba. Kaka yangu na dada yangu walikuja Oman zamani, kwa upande wa baba, mimi nikiwa bado natambaa. Kaka ana kazi serikalini, dada ana nyumba kubwa Mawaleh yenye bustani mbele na sebule mbili, moja ya wageni na moja ya watu. Mimi nilibaki Unguja na mama. Baba alikwisha kufa. Nikasoma hadi kidato cha nne, nikapata nilichopata, nikakaa nyumbani, halafu nikaja kuposwa na mtu wa huku, ambaye bibi zetu ni ndugu, na ana duka la vipuri vya magari Wadi Kabir. Nikaletwa. Mama akabaki peke yake katika nyumba ile, na jirani yake wa ghorofa ya chini ambaye wamezeeka pamoja.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemjua mama. Wao walimjua kwa simu.

Baada ya kuja huku, kila asubuhi mama alinitumia sauti. Hakuwa mtu wa kuandika, alibonyeza pale na kusema. Ikiwa ni majira ya baridi, neno la kwanza lilikuwa hilo hilo. "Huko baridi?" Nami nilikuwa na raha ya kumjibu. Ndio kwanza nimezaa, mtoto ananyonya, mume kaenda dukani, mimi nimekaa dirishani pale jua linapoingia. Nikimwelezea: leo nimemvisha mjukuu wako kofia ya sufu, anaonekana kama yai. Leo nimepika chai ya maziwa nikatia tangawizi na iliki, nikachovya mkate wa ufuta. Leo tumetoka na mume tukanunua karaki, ile chai nzito ya maziwa ya vibandani, tukainywa ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa, vikaingia ukungu, mtoto akachora kwa kidole. Mama alikuwa akicheka kila kitu. Alisema, "Mie nipo huku natoka jasho kama nimemwagiwa, nyie mnavaa kofia." Kwani huko kwao ni wakati wa kaskazi, jua linapasua mawe, hata sakafu usiku haipoi.

Mazungumzo yetu yote yalikuwa hayo. Hatukuwa na jengine. Ukiyasikiliza sasa utasema watu hawa hawana la kuambiana. Lakini ndivyo tulivyokuwa tunapendana, kwa njia ya hali ya hewa.

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo hakuna atakayefahamu tulivyofanya.

Kwetu mtu mzima haombi. Mama hakuwahi hata siku moja kusema nataka kadha. Alikuwa akipitia uani. Akisema siku hizi tundu la sindano halionekani, maana yake apelekewe miwani. Akisema sufuria za siku hizi zinaunguza wali, maana yake sufuria nzito ya Maskati. Dada na kaka waliyajua haya na waliyafanyia kazi, tena kwa ufundi. Mama akitaja kitu mwezi huu, mwezi ujao kimo ndani ya kago, na hakuna aliyeona haya, aliyeomba wala aliyetoa. Kaka akijivunia. Alikuwa akisema, mama yetu hajapata kutufungulia mkono, sisi ndio tunaojua anachotaka kabla hajataka. Na hilo halikuwa uongo. Miaka yote iliwafaa.

Baridi ile, mjukuu akiwa ameanza kukaa, asubuhi moja mama akanitumia sauti. Akauliza huko baridi. Nikamjibu. Akasema, "Hata mie siku hizi nnasikia baridi."

Nikacheka. Nilifikiri ananitania. Nikamwuliza baridi ya wapi na kaskazi hii. Akasema, "Basi ndiyo hivyo, mwanangu. Nnasikia baridi tu." Akahamia kwenye habari za mtoto.

Ijumaa tukaenda kula kwa dada. Ndiyo kawaida yetu, kila Ijumaa sote Mawaleh, na siku za baridi chakula huandikwa nje kwenye bustani, juu ya mkeka, jua likiwa mgongoni. Kulikuwa na biriani, kachumbari, na ile harisi ya ngano na nyama ambayo dada huipiga mwenyewe kwa mwiko. Nikasema mama anasikia baridi. Nilisema hivyo hivyo, kama nilivyoambiwa. Watu wakacheka wote, hata watoto. Shemeji akasema Unguja kumeanguka theluji. Kaka hakucheka sana. Alijifuta mkono, akasema kwa ule uso wake wa mkubwa wa familia:

"Bi mkubwa anataka blanketi."

Dada akapiga paja. "Eh, kweli. Tumempelekea kila kitu, blanketi hatujampelekea."

Nikasema, kaka, wakati huu wa kaskazi? Akanitazama kama ninavyotazamwa siku zote mkekani pale.

"Wewe mtoto bado. Mama yako lini alitaja kitu kwa jina lake? Kila siku unamhadithia kofia na karaki, unamtia hamu. Anataka na yeye ajifunike kama watu."

Nikarudi kwenye biriani. Si kwa sababu niliridhika. Kwetu kitindamimba hambishii kaka mbele ya sinia. Na maneno yake yalikuwa na sura ya kweli. Mama hasemi. Mama hupitia uani. Sote tulilijua hilo, na kwa kulijua sana ndiyo maana hatukusikia kitu.

Mimi na dada tukaenda Ruwi kulinunua. Nataka niseme ukweli, siku ile ilikuwa nzuri. Tumevaa sweta, mtoto yumo kwenye kigari chake, barabara imejaa watu wanaotembea bila sababu, jambo ambalo Maskati hulioni majira ya joto. Tukanunua mahindi ya kuchoma. Duka la mablanketi lilikuwa na mablanketi hadi darini, yale mazito ya manyoya, mfuko wa plastiki, zipu, mpini. Muuzaji akiyatoa moja moja na kuyapiga kofi tusikie uzito. Kulikuwa na la simbamarara, dada akasema mama ataota ndoto mbaya. La kijivu akasema la wanaume. Mwisho tukachukua jekundu la damu ya mzee lenye mawaridi makubwa. Tukashikana mikono kwa furaha kama watu waliooana. Tulibishana zaidi juu ya rangi ya lile blanketi kuliko tulivyobishana juu ya sababu ya lile blanketi.

Likaenda kwa kago. Lilipofika, mama akatuma sauti kwenye grupu la familia, si kwangu peke yangu. Akasema limefika, zito kama mtu, mawaridi yake kama ya bustani. Akatuombea dua ndefu, mmoja mmoja kwa jina lake. Akasema, "Limenitia joto, wanangu. Nnalala kama mfalme." Dada akatuma mioyo. Kaka akaandika alhamdulillah. Mambo yakaisha.

Yaani kwetu sisi yakaisha.

Zile sauti za asubuhi ziliendelea, lakini zikawa fupi. Huko baridi? Bado ipo, mama. Mtoto? Mzima. Haya, mwanangu. Zamani alikuwa anaweza kusema mpaka simu inakata. Nikamwuliza siku moja kama bado anasikia baridi, akasema, "Aa, blanketi si lipo." Siku nyengine nikamsikia anahema kama aliyepanda ngazi, nikamwuliza katoka wapi, akasema katoka uani, alikuwa anaota jua. Anaota jua, Unguja, kaskazi, saa sita za mchana. Mtu wa Unguja mwenye akili zake wakati ule yuko ndani, chini, juu ya sakafu, na pepeo.

Ijumaa nikasema tena. Nikasema mama anaota jua. Nikasema sauti yake siipendi. Dada alikuwa anagawa chai. Hata hakuinua macho.

"Sasa anataka na hita?"

Wakacheka. Kicheko kile mimi nimekiweka. Nimekihifadhi kama watu wanavyohifadhi picha ya harusi. Hakikuwa kicheko kibaya, ndilo linaloniudhi zaidi. Kilikuwa kicheko cha watu walioshiba wanaompenda mama yao.

Aliyetuamsha ni jirani. Bibi yule wa ghorofa ya chini, aliyezeeka na mama. Namba yangu hakuwa nayo, akaipata kwa mtu wa kago. Sauti yake ilikuwa ya ukali, na sikumlaumu. Alisema mama yenu amekuwa na rangi ya jivu. Anavimba miguu. Chakula hali. Anavaa kanga nne na jua juu. Nimemwambia niwapigie amenikataza, anasema usiwatie wahaka, wananiletea kila kitu. "Mie nimesema. Mtakavyofanya mtajua wenyewe."

Nikaipeleka ile sauti kwenye grupu bila neno hata moja. Siku ile hakuna aliyetuma moyo. Kaka akashughulikia safari, na katika hilo simwekei kinyongo, alikimbia. Mama akaletwa pamoja na mtoto wa yule jirani aliyekuwa anakuja huku kwenye kazi.

Uwanja wa ndege tulikuwa sote. Wakamtoa kwenye kiti cha magurudumu. Mimi nilitafuta mama na macho yangu yakampita. Yule mwanamke mkubwa mwenye mikono ya kusukuma unga amekuwa kitu cha kukaa pembeni ya kiti. Uso umevimba, mdomo hauna damu. Kavaa koti la kiume juu ya buibui. Na mapajani, kakumbatia kwa mikono miwili, mfuko wa plastiki wenye zipu na mpini. Mawaridi yanaonekana kwa ndani. Ile karatasi ya dukani, ya kiwandani, bado ipo imebandikwa.

Hakulifungua.

Dada akaanza kulia pale pale. Mimi sikulia. Mimi nilipiga magoti mbele ya kiti nikamwuliza, mbele ya watu, wala sikuweza kuipunguza sauti.

"Mama, hili hukujifunika?"

"Nlikuwekea wewe." Akalipapasa lile plastiki. "Nlisema ukija na mtoto, nyie mshazoea mazito, nitawapa nini mie? Hazina joto kanga zangu zile."

"Na baridi yako?"

Akanitazama kidogo. Hakuwa na hasira hata chembe, na hasira zote hizi nilizonazo mimi sijui nimezirithi kwa nani.

"Baridi yangu haikuwa ya blanketi, mwanangu. Nliwaambia nnasikia baridi, mkaniletea blanketi. Mmejitahidi. Nitasema nini tena?"

Hapo ndipo nilipofahamu, na niliona kama mtu kanivuta kwa nyuma. Kwetu ukishapewa, umefungwa mdomo. Huwezi kusema bado nasikia baridi na blanketi lipo juu ya kabati. Itakuwa umetukana mkono uliokupa. Mama alituambia kweli mara moja, kweli tupu isiyo na uani, pengine mara ya kwanza katika umri wake. Sisi tukaijibu kwa zawadi. Na zawadi ikamnyamazisha. Tungekuwa hatukupeleka kitu, tungekuwa mabakhili, wachoyo, watoto wasio na haya, angeliendelea kulalamika mpaka mmoja wetu asikie.

Hospitali kulikuwa na daktari kijana, mwanamke, wa ukoo wa watu waliorudi kutoka Unguja kama sisi. Kaka akaanza kumweleza kwa Kiarabu, kile Kiarabu chake cha ofisini. Yule daktari akamsikiliza, halafu akamwinamia mama akamsemesha Kiswahili, taratibu, cha bibi zake.

"Bibi, unasikia baridi sana?"

Lilikuwa ndilo swali lake la kwanza. La kwanza. Hakuuliza kwingine kote.

Mama akasema, "Ya kiasi."

Majibu yalipokuja, daktari akatukalisha. Figo zimekwisha kazi, tena si jana. Damu imeshuka kwa muda mrefu. Mtu aliyefika hali hii husikia baridi hata akiwekwa juani. Akauliza kama hakutuambia. Hakuuliza kwa kutulaumu, alikuwa anaandika na kalamu imesimama. Kaka akatazama viatu vyake. Mama, kule kitandani, ndiye aliyejibu.

"Hawakujua, daktari. Mimi sikuwaambia vizuri."

Nataka mtu anionyeshe vizuri zaidi ni vipi. Nasikia baridi. Maneno mawili. Mtoto wangu siku hizi anayajua, anayasema, nami namfahamu.

Wakaanza kumsafisha damu kwa mashine. Akitoka pale anatetemeka mpaka meno yanagonga. Akakaa kwa dada, Mawaleh, kwenye ile sebule ya wageni, kwa kuwa iko chini na haina ngazi. Tukalifungua blanketi. Yaani dada alilifungua, mimi sikuweza kuigusa ile zipu. Mama akawa anajifunika lile lile, na mara ya kwanza alipolilalia alisema, "Kumbe ni zuri hivi," akajicheka.

Baridi ikaisha. Joto likaja. Na mtu asiyekaa Maskati hajui joto ninalolisema, lile ambalo ukishika mkono wa mlango wa gari unauacha, ambalo maji ya bomba la baridi yanatoka ya moto. Kila nyumba viyoyozi vinanguruma mchana kutwa. Nyumba ya dada nayo inanguruma, isipokuwa chumba kimoja. Kwenye sebule ya wageni kiyoyozi kimezimwa na milango imefungwa, mama yumo chini ya mawaridi mazito mekundu na uso wake mkavu, nasi tumemzunguka tunachuruzika. Kaka akitoka kazini huja moja kwa moja. Alikuwa mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na uturi. Akiingia mle kanzu inamganda mgongoni, nyeupe inakuwa ya kijivu, jasho linamdondokea puani, na haondoki. Hakupata kuomba radhi kwa mdomo, si kwa mama wala kwangu. Alikaa tu kwenye joto lile. Mimi nilikuwa namtazama, na ingawa sijamsamehe, nilikuwa namsogezea taulo.

Mama alikuwa akitutania. "Tokeni nje mkapunge upepo, mtayeyuka mniachie kazi ya kupiga deki." Nje hakuna upepo, kuna tanuri. Tukicheka. Ajabu ni kuwa mle ndani ndimo tulimozungumza vizuri kuliko siku zote. Maneno yetu yalikuwa yale yale. Alikuwa ananiambia nimhadithie baridi. Mimi nikimhadithia, jasho linaniingia machoni: kofia ya sufu, karaki ndani ya gari, ukungu kwenye kioo. Anasema, "Ehe, na mtoto akachora nini?" Sikuwahi kumwambia mtoto alichora nini. Hakuwa amechora kitu, alikuwa mchanga, alipaka tu. Nikasema alichora jua. Mama akaridhika.

Jikoni ndiko tulikogombana mimi na dada. Nilikuwa nachemsha maji ya ile chupa ya kumpasha mama moto, nikasema jambo kuhusu hita, lile neno lake. Nilikuwa nimelisema mara nyingi kwa chini chini, siku ile nikalisema kwa sauti. Dada akageuka na mwiko.

"Wewe ndiye uliyekuwa unazungumza naye kila siku. Sisi tulimsikia kwa mdomo wako."

"Nikakwambieni."

"Ulituambia ukicheka, mdogo wangu."

Nilicheka, kweli, mara ya kwanza. Mara ya pili sikucheka, lakini nani anayehesabu. Tukasimama mle jikoni watu wawili, maji yanachemka, kila mmoja anamtafutia mwenziwe fungu lake la kosa, na huku sebuleni yule aliyekosewa anatuita anataka kujua tumechelewea nini. Nikampelekea chupa ya maji moto. Aliikumbatia. Hakuuliza kelele zile zilikuwa za nini.

Alikufa kabla joto halijakatika. Aliondoka mchana, kati ya kusafishwa na kusafishwa, mkono wake ukiwa kwangu. Ulikuwa wa baridi muda mrefu kabla, kwa hivyo sikujua ni lini hasa.

Siku za msiba zilipokwisha, wanawake wakakaa kugawa vitu vyake, kama inavyofanywa, vitolewe sadaka vimfae. Havikuwa vingi. Kanga, miswala, lile koti. Dada akasema blanketi tulipeleke Unguja, kwa jirani wa chini, ni sadaka nzuri na ni jipya. Nikasema haliendi. Akasema lile ni zuri mno kwa kuwekwa. Nikasema lisiende Unguja, lisipande kago, asipelekewe blanketi mtu yeyote kule maadamu mimi nahema. Shangazi mmoja akaniambia nimche Mungu. Nikalichukua, bila mfuko wake, nikalibeba begani mpaka kwenye gari kama mtu aliyebeba kondoo. Walinitazama wote. Huo ndio mwanzo wa kuitwa nisiyekalika.

Liko kwangu Wadi Kabir. Halina kazi. Ni zito mno kwa baridi ya Maskati, tukijifunika tunaamka tumelowa, mume wangu hulipiga teke usingizini. Mtoto ndiye anayelipenda, analala juu yake mchana na kuyahesabu mawaridi, anakosea, anaanza tena. Ijumaa tunakwenda Mawaleh kama kawaida. Chai hugawiwa. Mwaka huu baridi ilipoingia, hakuna aliyeitaja pale mkekani, kila mtu kavaa soksi na kila mtu kanyamaza. Nilikuwa nimejitayarisha kuwakaripia, kisha nikakosa wa kumkaripia, na nikaona huzuni zaidi. Nilitamani mmoja wao aseme tu, leo baridi.

Halafu juzi, asubuhi, mtoto kalala juu ya mawaridi yake, mimi nimekaa pale dirishani kwenye jua, simu ikalia. Ni bibi yule wa Unguja, jirani wa ghorofa ya chini. Namba yangu sasa anayo. Tangu tumzike mama hakuwa amenitumia kitu, wala mimi sikumtafuta, na kwa hilo naona haya. Nikabonyeza. Sauti ya kizee, jogoo nyuma yake, mtu anafagia.

"Asalaam alaykum, mwanangu. Huko baridi?"

Nilikaa na ile simu mkononi. Nilitaka kuizima. Halafu sikutuma sauti, nilimpigia kabisa, ili asipate nafasi ya kuyapanga maneno. Akapokea, akashangaa. Nikamwambia ndiyo, bibi, baridi ipo, ya kiasi. Nikamwuliza, na wewe? Akasema mie mzima. Nikasema sikuulizi kama mzima. Nakuuliza, unasikia baridi?

Alijua ninachokiuliza, alikuwa ndiye aliyetuamsha.

"Baridi ya wapi, mwanangu, na kaskazi hii," akasema. "Joto tupu. Hapa nilipo kanga imelowa, natoka jasho mpaka miguuni."

Nikamwambia sema tena.

"Jasho, mwanangu. Jasho tele."

Nikamwambia kesho nitampigia, aniambie hivyo hivyo.